Almasi katika moto wa mhunzi

Maswali ya ukurasa huu kwa kawaida hutufikia kwa barua, au kwa mdomo tutokapo kanisani siku ya Dominika. Swali la juma hili lilikuja lenyewe kwa miguu hata mlangoni petu, nalo lilikuwa ndani ya kichupa cha dawa, limezungushiwa pamba.

Ilikuwa Jumamosi jioni hapa Butembo, mvua imekwisha kunyesha. Baba mmoja mwenye duka dogo la chumvi, sabuni na vitenge alipiga hodi. Tulimpa kiti, tukaulizana habari za watoto kama ilivyo desturi, kisha akakitoa kichupa mfukoni na kukiweka mezani polepole kama mtu awekaye yai.

"Mwalimu," alisema, "mimi si mtu wa shule nyingi. Kuna mtu aliyechukua mali yangu kwa deni, akaenda nayo mwituni upande wa Bafwasende. Fedha hana. Amenipa jiwe hili, asema ni almasi, na kwamba kwa hili tumemalizana. Jumatatu nitalipeleka kwa mhunzi tulitie motoni. Likitoka zima, ni almasi, nami nitamfutia deni lote. Watu wanasema almasi haishindwi na moto. Ni kweli?"

Nyumbani walikuwamo wanafunzi wetu wawili waliokuja kurudisha vitabu. Kabla sisi hatujafungua kinywa, mmoja wao akasema: "Samahani, Mwalimu. Si ulitufundisha kwamba almasi ni kaboni tupu, kama makala? Na makala yanaungua." Akisha kusema akainamisha macho, maana haifai mtoto kuwajibia wazee. Lakini alikuwa amejibu sawasawa. Tulimwomba yule baba asiende kwa mhunzi kwanza, tukamwahidi kulipima jiwe lake kwa njia nyingine. Na kwa kuwa twajua ya kuwa mawe ya namna hii hupita mikononi mwa watu wengi kati ya Beni na Butembo, tena wengine huuza shamba au mbuzi wa mahari ili kuyapata, tumeona vema kulieleza jambo hili kwa wote.

Jina lenyewe ndilo lililoanza kutudanganya. Wayunani wa kale waliliita jiwe hili adamas, maana yake lisiloshindwa. Waarabu walilipokea neno hilo wakasema almas, nasi tukalipata kwao. Mroma mmoja, Plinius, aliyekufa mwaka 79 baada ya Kristo, aliandika kwamba almasi ikiwekwa juu ya fuawe na kupigwa nyundo, ni nyundo inayovunjika, wala hakuna kitu kiwezacho kuilainisha ila damu ya mbuzi yenye joto. Waandishi waliomfuata walinakili maneno hayo karne kwa karne, wala hatusikii kwamba wengi wao walijisumbua kutafuta nyundo.

Wa kwanza kuonyesha wazi ya kwamba jiwe hili lashindwa na moto walikuwa Waitalia wawili, Averani na Targioni. Katika miaka ya 1694 na 1695, mjini Florence, waliukusanya mwanga wa jua kwa kioo kikubwa na kuuelekeza juu ya almasi. Almasi haikuyeyuka, wala haikuacha majivu. Ilitoweka.

Jambo hilo liliwashangaza watu kwa muda mrefu, hata mwaka 1772 Mfaransa Lavoisier alipolishika kwa uangalifu zaidi. Yeye alizichoma almasi ndani ya chombo cha kioo kilichofungwa, akaona ya kuwa hewa iliyobaki humo huyageuza maji ya chokaa yawe meupe kama maziwa, kama ifanyavyo hewa itokayo katika makala yanayowaka. Lakini masonara wa Paris walibisha sana. Walisema wao huzitia almasi katika moto mkali ili kuziondolea madoa, nazo hazidhuriki. Mmoja wao, jina lake Maillard, alizifukia almasi zake katika unga wa makala ndani ya chombo kilichozibwa, zikapigwa moto kwa saa kadhaa, nazo zikatoka nzima mbele ya wote.

Nani basi alikuwa na haki? Wote wawili. Na sababu yake mama zetu wa vijijini waijua kuliko wanafunzi wengi. Mchoma makala huipanga miti yake, huifunika kwa majani na udongo, kisha huitia moto. Ndani yake mna joto kali sana, lakini hewa haiingii ila kidogo, na kwa hiyo mti hugeuka makala wala hauishi. Udongo ukipasuka usiku na mwenyewe amelala, hewa huingia, na asubuhi hukuta majivu. Joto ni jambo moja, kuungua ni jambo jingine. Kuungua kwataka joto pamoja na oksijeni iliyo katika hewa. Almasi za Maillard zilikuwa na joto bila hewa, na zile za Lavoisier zilikuwa na vyote viwili.

Mwaka 1797 Mwingereza Smithson Tennant aliimaliza shauri hiyo. Alitia almasi pamoja na shura, ile chumvi ya baruti itoayo oksijeni, katika mrija wa dhahabu, akaichoma. Kisha akaipima hewa iliyotoka, akaona ni kadiri ile ile itolewayo na makala yenye uzito ulio sawa na almasi ile. Kwa hiyo almasi si kitu kingine ila kaboni.

Tuseme sasa hesabu za joto. Maji huchemka kwa digrii 100 (hapa Butembo, kwa sababu ya mwinuko wetu, kwa digrii 94 hivi, ndiyo maana maharage yetu hukawia kuiva). Almasi iliyo katika hewa huanza kuungua kati ya digrii 700 na 900. Mhunzi mwenye makala mazuri na mivukuto miwili hupita digrii 1,000 bila shida, asipofika huko chuma chake hakipigiki vizuri. Basi almasi iliyolazwa katika moto wake, mbele ya mdomo wa mvukuto, ina joto na ina hewa. Kwanza ngozi yake hufifia, ikawa nyeupe kama kioo kilichosuguliwa kwa mchanga. Kisha hupungua kidogo kidogo. Tofauti yake na makala ni kwamba yenyewe haina vitundu vya kuingiza hewa, kwa hiyo huungua kwa nje tu, polepole.

Hapo mtu atauliza: ikiwa ni kitu kimoja na makala, mbona moja huvunjika kwa vidole na nyingine hukata kioo? Jibu lote limo katika mpango wake, na mpango huo waweza kuuona kwa macho ukiwa na viazi vidogo na vijiti. Twaa kiazi kimoja, ukichome vijiti vinne vilivyotengana sawasawa kila upande, kimoja juu na vitatu vikitazama chini na nje. Ukipima pembe kati ya vijiti viwili vyovyote utapata digrii 109 na nusu. Kila mwisho wa kijiti weka kiazi kingine, nacho ukichome vijiti vyake vinne kwa namna ile ile, ukaendelee. Darasani petu tuliendelea hata mama wa nyumba akatuma mtu kuuliza viazi vyake vya jioni viko wapi. Kila kiazi ni atomu moja ya kaboni, na kila kijiti ni kifungo. Hakuna atomu iliyo na jirani watatu wala watano, kila moja imeshikwa na wanne, tena kwa nguvu sawa. Atomu hizo ni ndogo hata milimita moja ingechukua zaidi ya milioni sita zikipangwa kwa umbali wa kifungo kimoja.

Sasa tazama penseli yako. Risasi yake si risasi, ni grafiti, nayo ni kaboni vilevile. Ila humo kila atomu imeshikana na jirani watatu tu, katika tabaka bapa lenye vyumba vya pembe sita kama sega la nyuki. Tabaka hulala juu ya tabaka na kushikana kwa ulegevu, na ukiandika, tabaka huteleza zikabaki juu ya karatasi. Nayo makala ni vipande vya tabaka kama hizo, vilivyotupwa ovyo, vyenye vitundu vingi katikati.

Mpango wa vifungo vinne huonekana hata kwa nje. Almasi iliyokua kwa utulivu mara nyingi ina sura ya piramidi mbili zilizounganishwa kitako kwa kitako: nyuso 8 za pembetatu, ncha 6, kingo 12. Mwenye kutazama kwa kioo cha kukuza aweza kuona juu ya nyuso hizo vishimo vidogo vyenye pembe tatu. Kwatsi, lile jiwe jeupe kama kioo ambalo wachimbaji wetu wa dhahabu hukutana nalo kila siku, lina sura nyingine: nguzo yenye nyuso sita, yenye ncha kama penseli iliyochongwa. Laiti watu wangehesabu nyuso kabla ya kuhesabu fedha! Lakini tusidanganyane. Almasi nyingi za Kasai hazina sura nzuri, ni za kusagia na kukatia vyuma viwandani, na jiwe lililobiringishwa na mto muda mrefu huwa limepoteza kingo zake.

Mpango huo huo ndio uifanyao almasi kuwa ngumu kuliko mawe yote. Katika kipimo cha Mohs kilichotungwa mwaka 1812, yenyewe ina 10, na kwatsi ina 7. Lakini ugumu wa kutokwaruzika si nguvu ya kustahimili nyundo. Ziko njia nne ndani ya almasi, sambamba na zile nyuso nane, ambazo vifungo vya kukatwa ni vichache zaidi, na pigo moja likifuata njia hiyo, jiwe hupasuka. Ndivyo Joseph Asscher alivyoipasua almasi ya Cullinan mjini Amsterdam mwaka 1908, ile iliyookotwa Afrika Kusini mwaka 1905 ikiwa na karati 3,106, yaani gramu 621. Asscher alipasua kwa kusudi, baada ya kulichunguza jiwe muda mrefu. Aliyemfuata Plinius na nyundo yake alipasua kwa ujinga, akautupa unga akisema: kumbe halikuwa almasi.

Tena liko jambo jingine la joto ambalo watu hulichanganya na kutoungua. Mama aendaye kuomba moto kwa jirani huweza kushika kala kwa vidole upande mmoja, huku upande wa pili ni mwekundu, kwa maana makala hayapitishi joto upesi. Almasi ni kinyume kabisa. Atomu zake ni nyepesi na zimefungwa kwa kukazwa sana, na mtikisiko wa joto hupita ndani yake kama habari katika soko. Yapitisha joto mara tano hivi kuliko shaba nyekundu. Ndiyo sababu almasi ikiguswa kwa midomo ni baridi, na ukiipulizia pumzi ule ukungu huondoka mara moja, hali juu ya kioo hukawia. Wafanyabiashara wana chombo kidogo kama kalamu kinachopima jambo hili, ingawa liko jiwe moja la kutengenezwa kiwandani, liitwalo moisanaiti, ambalo hukidanganya.

Basi je, almasi hazikuzaliwa katika moto? Zilizaliwa katika joto, lakini si katika moto. Ziliumbika kilomita 150 na zaidi chini ya miguu yetu, kwenye joto la digrii 1,000 hivi na mgandamizo mkubwa mno, mahali pasipo na hewa kama hii tuvutayo. Milipuko ya zamani sana ilizileta juu upesi. Shimo mojawapo la mlipuko wa namna hiyo liko Mwadui katika Tanzania, ambapo John Williamson wa Kanada alipata mgodi mwaka 1940. Katika nchi yetu almasi za Kasai zajulikana tangu mwaka 1907, na ziko pia katika mito ya mwitu wa Bafwasende. Huku kwetu Butembo na Beni ardhi yasifiwa kwa dhahabu, wala si kwa almasi. Mawe yaitwayo almasi hutujia kwa njia ile ndefu itokayo Kisangani, ipitayo Bafwasende, Mambasa na Komanda, na kila mkono ulishikao jiwe njiani huliongezea bei na hadithi.

Turudi kwa baba wetu na kichupa chake. Jumatatu, badala ya kwenda kwa mhunzi, tulikwenda pamoja kwa mnunuzi mmoja wa dhahabu mwenye mizani ya kupima uzito mdogo. Kipimo ni rahisi, na mwanafunzi yeyote aweza kukifanya. Ulipime jiwe kwanza kavu. Kisha ulifunge kwa uzi mwembamba sana, ulitundike chini ya mizani hata lizame katika gilasi ya maji bila kugusa chini, ulipime tena. Uzito wa kwanza uugawe kwa ule uliopungua majini. Almasi hutoa 3.52 daima, iwe kubwa au ndogo, ya Kasai au ya Mwadui. Kwatsi hutoa 2.65. Hakuna moto, hakuna nyundo, na jiwe hutoka kama lilivyoingia. (Wengine husifu kipimo cha mafuta, kwa kuwa huko Kimberley mashine za zamani zilizinasa almasi kwa meza zilizopakwa grisi. Lakini almasi zilizolala mtoni mara nyingi hukataa kunasa, na zetu ni za mtoni. Tusikitegemee.)

Jiwe la yule baba lilikuwa na miligramu 1,060 likiwa kavu, na 660 ndani ya maji. Zimepungua 400. Mwanafunzi wetu aligawa hesabu ile juu ya karatasi ya kufungia sabuni, akaipitia mara mbili, kisha akatutazama bila kusema kitu. 2.65.

Tulimweleza baba polepole. Tulimwambia pia kwamba kama siku nyingine atapata jiwe lenye kutoa 3.52, asiliuze barabarani wala usiku, bali alipeleke CEEC, ofisi ya serikali ipimayo thamani ya madini, maana tangu mwaka 2003 almasi haivuki mpaka kihalali pasipo cheti cha Kimberley. Alisikiliza yote kwa adabu. Alikirudisha kichupa mfukoni. Halafu akauliza:

"Mwalimu, na lile la mwaka jana?"

Hatukujua habari za jiwe la mwaka jana. Ndipo alipotusimulia. Mdeni yule alikuwa amemletea jiwe la kwanza, dogo kuliko punje ya haragwe, lenye kingo, linalong'aa kama limepakwa mafuta. Naye alilipeleka kwa mhunzi, kama alivyoshauriwa na marafiki. Lilitoka jeupe, limefifia, tena dogo kuliko lilivyoingia. Watu walicheka. Akalitupa, akamfuata yule mdeni sokoni, akamwita mwizi mbele ya watu wote.

Tulimwambia kweli yote tuliyokuwa nayo: kwamba jiwe lisilokuwapo halipimiki, kwamba kioo kingelainika kikapoteza kingo zake, na kwamba kwatsi ingepasuka, au kubaki na ukubwa wake. Alitutazama.

"Haya. Ile ya kufifia, na kupungua?"

Hatukumjibu upesi, naye hakungoja tumjibu. "Kumbe nilimtukana mtu wa haki," alisema, "na mwaka huu ndiyo akaniletea jiwe la uwongo." Akatuaga, akashuka kuelekea mto Kimemi, mkono mmoja mfukoni.

Siku ya pili tulipita kwa mhunzi mwenyewe, tukiwa na mwanafunzi wetu. Ni mzee mwema, na kumbukumbu yake ni nzuri. Alisema jiwe lile alilivukutia muda wa kutosha kupasha jembe moto mara mbili, na ya kwamba lilikuwa likiwaka kwa weupe kupita makala yaliyolizunguka, hata yeye mwenyewe alilistaajabia. Tulimwuliza lilitupwa wapi. Alituonyesha kwa koleo: huko nyuma, penye lundo la majivu ya mwaka mzima, ambapo kuku walikuwa wakichakura.